Ng'ombe wa Kupewa Uchunge: Shajara ya Mradi wa Televisheni ya Jamii, Dodoma

6 Mei

Ninaanza kuandika shajara hii kwa agizo la kamati, ambayo imechoka kuletewa habari za mradi kwa mdomo. Mradi wenyewe ni huu: kituo chetu cha televisheni ya jamii, ambacho hadi leo hakina mwenyewe anayeeleweka mbele ya sheria, kinatakiwa kabla ya mwisho wa mwaka kiwe mali ya wanachama wake, kiwe na wadhamini waliosajiliwa, mkataba wa kurusha matangazo ambao hauvunjwi kwa simu, na mapato yasiyotoka katika mfuko wa mtu mmoja.

Tulivyo navyo ni vyumba viwili vya kupanga Chang'ombe, ambavyo kuta zake zimebandikwa trei za mayai ili sauti isirudi. Kamera tatu, moja ikiwa na betri iliyokufa. Kompyuta mbili za kuhariria. Na chaneli moja katika mtandao wa kebo wa mjini. Vipindi vinatengenezwa na wananchi wenyewe. Mtu huja na hoja yake, hufundishwa kushika kamera na kuhariri kwa Jumamosi nne, kisha hukaa mbele au nyuma ya lenzi na kusema alichokuja kusema. Ufadhili uliokuwa ukilipa pango na ada ya leseni ulikwisha Machi, na tangu hapo umeme wa LUKU, yaani wa kulipia kabla ya kutumia, tunaununua kwa zamu, jambo ambalo limetufundisha nani kati yetu hupatikana kwenye simu na nani hapatikani.

9 Mei

Imefika barua ya msaada. Mfanyabiashara mmoja wa hapa mjini, ambaye sitamtaja humu, anatoa kamera nne mpya, taa, mikisa ya sauti, kiyoyozi na pango la mwaka mzima. Barua yenyewe ni ya ukurasa mmoja, imeandikwa kwa upole, na inasema kwamba kituo "kitashauriana" na mfadhili kuhusu ratiba ya vipindi. Mkataba ulioambatishwa una kurasa sita, na katika ukurasa wa nne neno limebadilika: hapo ratiba "itaridhiwa" na mfadhili kila mwezi kabla ya kurushwa.

Nimeyasoma maneno hayo mawili mara nyingi kuliko nilivyosoma orodha ya vifaa. Kushauriana ni kukaa jamvi moja na kusikilizana. Kuridhia ni mmoja kushika kalamu na mwenzake kusubiri mlangoni. Isitoshe, mfadhili anataka viti viwili kati ya vitano vya kamati, na vifaa vyote vitaendelea kuwa mali yake "hadi itakapoamuliwa vinginevyo", bila kusemwa ni nani atakayeamua.

12 Mei

Kikao cha kamati kilichukua saa nne. Vijana wanataka msaada upokelewe, na sitaki kuwaonyesha humu kama watu wa tamaa, kwa sababu ndio wanaohariri kwa kompyuta inayojizima kila baada ya dakika ishirini, na ndio waliokaa usiku kucha wiki iliyopita wakirudia kazi ile ile mara tatu. Hoja yao ni kwamba kituo huru kisicho na picha hakimsaidii mtu. Sikuwa na jibu.

Mwenyekiti alimgeukia mjumbe wetu mkubwa kwa umri, anayetoka Mvumi, ambaye alikuwa hajasema kitu tangu asubuhi.

"Shikamoo Bibi. Tunaomba neno lako kabla hatujapiga kura."

"Marahaba, wanangu. Mimi nimekuzwa kwa maziwa ya ng'ombe wasio wetu. Baba alipewa mitamba miwili achunge, na tajiri wa kijiji cha pili. Maziwa yetu, samadi yetu, na tukajiona tuna zizi. Mwaka wa njaa mwenyewe akaja alfajiri, akatusalimu vizuri, akafungua zizi, akaondoka nao na ndama wao. Hakugombana na mtu. Baba hakuwa na la kusema, maana ng'ombe walikuwa wake."

Mmoja wa vijana akauliza kwa heshima kama basi ingekuwa afadhali wasinywe maziwa kabisa. Bibi akamjibu kwamba yeye hakusema hivyo, amesema tu wajue ni ng'ombe wa nani. Kura haikupigwa. Nimepewa siku thelathini niwasilishe njia nyingine, kama ipo.

20 Mei

Kwa wiki nzima nimekuwa nikijaribu kuelewa ni mahali gani hasa kituo hushikwa, kwa sababu mara nyingi tunazungumza juu ya uhuru wa vyombo vya habari kana kwamba adui wake ni amri tu, ilhali sisi hakuna aliyetuamuru kitu.

Nikianza na mnara: hadi mwisho wa 2012 mtu aliyekuwa na kituo cha televisheni Tanzania Bara alikuwa kwa kawaida na mtambo wake wa kurushia. Mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na mikoa mingine, Dodoma ikiwamo, ikafuata 2013, kazi hizo mbili zilitenganishwa. Anayetengeneza maudhui akawa na leseni yake kutoka Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na anayesambaza mawimbi hadi kwenye king'amuzi akawa na yake. Picha ilisafika, nami ni miongoni mwa walioshangilia, lakini mwenye kituo akageuka mpangaji katika nyumba ya msambazaji. Sisi tulio kwenye kebo hatuna tofauti, isipokuwa kwamba mwenye nyumba wetu tunakutana naye sokoni.

Cha pili ni gharama. Januari 2016 ilitangazwa hapa hapa Dodoma kwamba TBC, shirika la utangazaji la taifa, haitaendelea kurusha moja kwa moja vikao vya Bunge kama ilivyozoeleka, na sababu iliyotolewa ilikuwa gharama. Wengine waliikubali sababu hiyo na wengine waliipinga, na mabishano hayo si kazi ya shajara hii. Ninaloliona mimi ni kwamba hata chombo kikubwa namna ile kinaweza kubadilishwa ratiba kwa ankara, sembuse sisi tunaohesabu yuniti za umeme.

Nimesoma pia habari za Marekani, ambako chaneli za wananchi zilizaliwa ndani ya kebo kama yetu. Manhattan ilizifungua Julai 1971, na mwaka uliofuata Tume ya Mawasiliano ya nchi hiyo ikaweka kanuni kwamba mitandao ya kebo katika masoko 100 makubwa itenge chaneli kwa ajili ya umma. Mwaka 1979 Mahakama ya Juu iliitengua kanuni hiyo kwa hoja kwamba Tume ilivuka mamlaka iliyopewa na sheria. Chaneli hizo ziliokolewa na sheria ya kebo ya 1984, ambayo iliziruhusu halmashauri za miji kudai chaneli za umma katika mikataba yao na wenye kebo, ikaziruhusu kutoza ada isiyozidi asilimia 5 ya mapato ya mwenye kebo, na, jambo lililonifanya nipigie mstari, ikamkataza mwenye kebo kuingilia maudhui ya chaneli hizo.

Wao nao hawakustarehe. Ada hiyo huingia kwanza kwa mji, na mji unaweza kuipeleka kwingine; baadhi ya majimbo yalipoichukua kazi ya kutoa vibali kutoka kwa miji katika miaka ya 2000, vituo kadhaa vilipoteza fedha; na sasa watazamaji wakihamia intaneti, asilimia 5 ya mapato yanayopungua nayo inapungua. Hata hivyo nimechukua kwao mambo mawili: fedha ipatikane kwa hesabu iliyoandikwa na si kwa hisani, na mwenye waya asiwe mhariri. Hapa hatuna sheria itakayotufanyia hayo, kwa hiyo itabidi yaandikwe katika mkataba wetu na mwenye kebo, kifungu kwa kifungu.

3 Juni

Nimekwenda kwa mwenye kebo. Ni mtu wa heshima, na matatizo yake ni ya kweli: kila barabara inapochimbwa waya wake hukatwa, na hakuna anayemlipa. Anataka ada ya kila mwezi kwa chaneli yetu, ambayo hadi sasa ilikuwa bure. Nilimwomba kifungu cha kwamba hatatuondoa hewani bila taarifa ya maandishi ya siku sitini, yenye sababu. Alicheka, si kwa dharau, akaniambia, "Ndugu yangu, mimi mwenyewe umeme sipewi taarifa ya siku moja." Tumeachana bila kukubaliana chochote isipokuwa kukutana tena.

10 Juni

Kamati imekataa msaada kwa kura tatu dhidi ya mbili. Nimeandika barua ya kushukuru na kueleza kwamba tungepokea vifaa kama zawadi isiyo na viti wala ridhaa. Haijajibiwa.

17 Juni

LUKU imekwisha katikati ya kurekodi kipindi cha wakulima wa zabibu. Kamera zilizimika, lakini kinasa sauti kilikuwa cha betri, na mzee aliyekuwa akieleza kwa nini wanunuzi hushusha bei wakati wa mavuno hakujua kwamba taa zimezimika kwa hitilafu. Alidhani ndivyo televisheni ilivyo. Aliendelea gizani kwa dakika saba. Tumeirusha sauti hiyo juu ya picha ya shamba la Hombolo, na ni kipindi kizuri kuliko vyote vya mwezi huu.

1 Julai

Wanawake wanne wanaouza mboga katika soko moja la mjini, waliomaliza mafunzo yao Mei, wameleta kipindi kuhusu ushuru wa vizimba. Si kelele. Wameketi mbele ya kamera na stakabadhi zao katika mifuko ya plastiki, wamezipanga mezani kwa tarehe, na mmoja wao anazisoma moja baada ya nyingine, huku mwenzake akiandika ubaoni kwa chaki: hii ilitolewa, hii haikutolewa, hii imetolewa mara mbili kwa siku moja. Kidole chake kina rangi ya mchicha, na kila anapoigusa stakabadhi anaacha alama ya kijani. Mhariri wetu alitaka kuziondoa sehemu hizo kwa sababu picha inatikisika. Nilimwomba aziache.

Tulitumia siku mbili kukipitia. Anayekusanya ushuru ni mzabuni binafsi, naye tulimwalika ajibu kwa barua iliyosainiwa kupokelewa, kwa kuwa haki inataka upande wa pili usikike na kanuni za maudhui zinataka hivyo hivyo. Hatukukiita kipindi hicho habari, kwa sababu Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inamtaka mwandishi wa habari awe na ithibati, na akina mama hawa ni wauza mboga wanaoeleza maisha yao. Mpaka kati ya mambo hayo mawili ni mwembamba, na ninakiri kwamba kila mara tunapousogelea huwa silali vizuri.

4 Julai

Nimepigiwa simu na mtu ninayemfahamu, aliyejitambulisha kama rafiki wa kituo. Alianza kwa kunijulia hali ya watoto. Kisha akasema kwamba yule mfanyabiashara wa barua ya Mei bado ana moyo na sisi, na kwamba angefurahi kama kipindi cha soko kingesubiri kidogo, kwani mzabuni ni jamaa yake. Hakutisha wala hakupandisha sauti. Niliuliza kusubiri huko ni hadi lini, naye akasema, "Hadi mambo yatulie."

Nimeyaandika haya saa ile ile, kabla kumbukumbu haijaanza kuyapamba.

8 Julai

Kipindi kimerushwa saa moja usiku. Mzabuni hakuja. Tuliweka kiti chake na glasi ya maji.

9 Julai

Chaneli yetu haionekani. Ofisi ya kebo inasema ni matengenezo ya kiufundi. Chaneli nyingine zote zinaonekana.

13 Julai

Siku ya tano bila hewa. Wanachama walikuja wenyewe bila kuitwa, na mwanzoni nilidhani wamekuja kulaumu. Fundi wetu alipendekeza tukionyeshe kipindi uani. Tuliazima projekta kwa mwalimu mmoja, jenereta kwa fundi wa kuchomelea, na shuka jeupe kwa jirani, ambaye alitoa sharti kwamba lisipigwe misumari, kwa hiyo tulilifunga kwenye kamba ya nguo kwa vibanio. Upepo wa Julai, ambao kila mkazi wa Dodoma anaujua, ulilifanya shuka lipumue, hata nyuso za wale wanawake wanne zikawa zinavimba na kusinyaa.

Watu walikuja na vigoda na kanga za kujifunika, wakajaa hadi barabarani. Wenye kipindi walikuwapo, na kila kilipofika mahali pa mgogoro waliombwa wasimamishe waeleze zaidi. Kipindi cha dakika ishirini na nane kilichukua karibu saa mbili. Mwishoni akina mama wa kikundi cha ngoma, waliokuwa wametoka mazoezini, walipiga muheme kidogo, jenereta ikazimwa ili wasikike.

Kwenye kebo sijawahi kumwona mtazamaji wetu hata mmoja. Usiku ule niliwahesabu hadi mia mbili na kumi nikapoteza hesabu.

18 Julai

Chaneli imerudi baada ya siku tisa, bila maelezo. Nimemwandikia mwenye kebo barua ya kumshukuru kwa matengenezo na kumwomba tarehe ya kumaliza mkataba, nikaambatisha majina ya wateja wake sitini na nane waliosaini uani kwamba wanalipia kebo na wangependa kuona chaneli ya nyumbani. Wazo hilo si langu, ni la Bibi, ambaye alisema mwenye duka husikiliza wateja zaidi ya wapangaji.

2 Agosti

Rasimu ya katiba imekamilika. Tafsiri ya televisheni ya jamii tumeijenga juu ya Mkataba wa Afrika kuhusu Utangazaji uliopitishwa Windhoek 2001, unaoitenga sekta hii na ya umma na ya biashara kwa kusema kwamba ni ya jamii, inaendeshwa na jamii, inaihusu jamii hiyo, na haitafuti faida. Vifungu vilivyoleta ubishi ni viwili. Cha kwanza kinasema vifaa vyote, hata vya zawadi, huingia katika daftari la wadhamini siku vinapopokelewa, na kisichoweza kuandikwa humo kirudishwe. Cha pili nilikiandika mimi: asitokee mlipaji mmoja, awe mfadhili, mtangazaji wa biashara au shirika, anayebeba zaidi ya moja ya tano ya mapato ya mwaka.

23 Agosti

Kifungu changu kimeniuma. Shirika moja lenye nia njema, ambalo halitaki kuridhia chochote, limetaka kununua muda wa kila wiki kwa ajili ya kampeni ya afya. Malipo yake yangekuwa karibu theluthi ya mapato yetu. Nilikaa na karatasi usiku nikitafuta namna ya kuyagawa ili yaonekane ni ya walipaji wawili, na nilikuwa nimeshaipata, mpaka nilipogundua kwamba mimi niliyeandika kanuni ndiye wa kwanza kutafuta tundu lake, hata kabla mkutano mkuu haujaipitisha.

Tumekubali nusu ya muda kwa nusu ya fedha. Matokeo yake ni kwamba Jumanne na Jumatano hatutarusha kitu kipya hadi Oktoba. Mhariri wetu mmoja ameondoka kwenda kupiga picha za harusi, na simlaumu, kwani ana mtoto. Pengo linalobaki tunaliziba kwa kurekodi mahafali, kusoma matangazo ya misiba na mikutano ya vikoba, na kukodisha stendi ya kamera, ambayo imerudi jana ikiwa na miguu miwili na nusu.

14 Septemba

Mkutano mkuu. Akidi ilitimia saa sita kasoro, baada ya pikipiki mbili kutumwa Nkuhungu kuwafuata wanachama waliokuwa wamekwenda msibani. Katiba imepita. Wadhamini saba wamechaguliwa kwa kura ya siri, mmoja wao akiwa ni yule mama mwenye stakabadhi. Kijana aliyepinga uamuzi wa Juni alisimama na kusema kwamba bado anaamini tulikosea kukataa zile kamera, na kwamba angependa hilo liandikwe katika muhtasari. Limeandikwa, na ninaliandika na humu.

Nyaraka za wadhamini zimepelekwa RITA, wakala wa serikali unaosajili wadhamini. Kinachobaki kwa upande huo ni kungoja hati.

11 Oktoba

Mkataba wa kebo umesainiwa. Tulidai siku sitini, tumepata thelathini. Tulidai bure, tutalipa ada, ila imefungwa kwa miaka miwili. Kifungu cha saba kinasema kwamba mwenye mtandao hana mamlaka ya kuhariri, kuchelewesha wala kuondoa kipindi, na kwamba lalamiko lolote juu ya maudhui litaletwa kwetu kwa maandishi, na likishindikana litapelekwa kwa mamlaka husika. Alikisoma mara mbili, akauliza kama ninaamini karatasi ingemzuia mtu Julai ile. Nilimwambia ukweli, kwamba sijui, lakini kwamba safari ijayo angalau kutakuwa na tarehe ya kuhesabia. Akasaini, akaniomba nimfikishie salamu Bibi wa Mvumi, ambaye kumbe alikwenda kumwona mwenyewe Agosti na hakutuambia.

12 Oktoba

Matangazo ya kwanza chini ya mkataba mpya yameanza saa kumi na mbili na nusu jioni. Tangazo la kwanza kulipiwa lilikuwa la mbuzi watatu waliopotea Ntyuka, mmoja akiwa na sikio lililokatwa. Stakabadhi imetolewa. Stendi iko kwa fundi hadi Jumatatu, kwa hiyo kamera ya pili imewekwa juu ya ndoo iliyogeuzwa.